Chumo la Kijana Wakati wa Kiangazi, na Haki Yake ya Kucheza

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeujaalia usiku kuwa mapumziko na mchana kuwa wakati wa kutafuta maisha. Na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad, aliyechunga kondoo za watu kabla ya kupewa umma auchunge, pamoja na jamaa zake na masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo. Yako maswali mawili ambayo wazee wa pwani huyakatia hukumu upesi barazani, kahawa haijapoa, nayo yataka kutazamwa kwa utulivu. La kwanza ni hili: mtoto aliyekwisha kupambanua mambo lakini hajabaleghe, akichuma fedha kwa mikono yake siku ambazo chuo na skuli zimefungwa, fedha ile ni ya nani? La pili lafuata la kwanza: akiisha kuchuma, je, ana haki ya kuifurahia kwa mchezo, au kila saa isiyokuwa ya ibada wala ya kazi huhesabiwa kuwa imepotea?

Katika swali la kwanza aghalabu ya wazee hujibu kwamba mtoto ni wa babake na chake ni cha babake, na maneno yamekwisha. Wako na wengine, khasa wenye nasaba wanazojivunia, ambao hawafiki hata huko; wao huona haya mtoto wao kuonekana na sinia la kashata au mfuko wa ubuyu. Mtoto wa fulani hauzi njiani! Basi mtoto huyo hukaa kipupwe kizima bila shughuli, akalala hata adhuhuri, jioni akaenda ufukweni kutazama watoto wa wavuvi wakiuza pweza waliowapata wao wenyewe maji ya bamvua yalipotoka. Mtoto wa mvuvi arudi kwao na fedha na njaa ya halali, na mtoto wa mwenye nasaba arudi kwao kuomba fedha ya soda. Ni nani katika wawili hawa aliyelelewa?

Na ajabu ni kwamba pwani hii hii inayoona haya ilipata utajiri wake mwingi wa zamani kwa mabega ya vijana waliokwenda kutafuta kazi wakati wa kiangazi. Ili jambo hili lifahamike, na msomaji aiache bahari nyuma yake kidogo, afuate njia ya misafara hata Unyanyembe.

Kabla ya reli, njia kuu ya biashara ilitoka Bagamoyo, ikapanda Ugogo, ikafika Tabora baada ya mwendo upatao kilomita 800. Hapo iligawanyika, moja ikaenda Ujiji na Ziwa Tanganyika, nyingine ikaelekea kaskazini, Karagwe na Buganda. Kipalapala ni mahali karibu na mji huo wa Tabora, katika nchi ile ile ya misitu ya miyombo, ambamo mvua hukatika mwezi wa Mei na ardhi hukaa kavu hata Oktoba. Wachukuzi mashuhuri wa njia ile walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu, nao ulichukuliwa begani au kichwani juani, siku baada ya siku, hata miezi ikapita.

Wapwani wengi wadhani kwamba watu wale walikuwa watumwa wote. Si hivyo. Wengi wao walikuwa waungwana waliojiajiri kwa khiyari yao, wakapatana ujira na mwenye mali, na wakidhulumiwa walijua kuutua mzigo chini na kwenda zao. Mavuno yakiisha kuingia ghalani, na shamba halina la kufanya, kijana alitoka kwenda pwani, akakusudia kurudi kwa majira ya kulima. Mvulana ambaye mabega yake hayajakomaa alifuatana na kaka yake au mjomba wake, akabeba chungu, mkeka na kibuyu cha maji. Na alipokwisha kuizoea njia, akapewa mzigo wake mwenyewe na ujira wake mwenyewe. Ujira huo ulikuwa merikani na kaniki, ushanga na waya wa shaba; navyo vilipofika kwao viligeuka jembe, vikageuka mbuzi na ng'ombe, vikageuka mahari. Kijana asiyekwenda pwani hata mara moja hakuhesabiwa sana kuwa mtu mzima.

Walakini safari ile haikuwa taabu tupu. Jioni kambini palikuwa na ngoma, na njiani palikuwa na nyimbo, na mwisho wa njia palikuwa na kitu ambacho mtoto wa Unyamwezi alikuwa akikisikia kwa masimulizi tu, nacho ni bahari. Alikwenda kuchuma na alikwenda kufurahi, na hakuna aliyemwuliza ni lipi katika mawili lililomtoa nyumbani, kwa sababu kwao yalikuwa jambo moja. Hili na liwekwe akilini, kwani litahitajiwa mbele.

Na kwa upande wa wenye mali, kuna khabari ya Hamed bin Muhammad el-Murjebi, ajulikanaye kwa jina la Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905, naye amesimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. Asema kwamba alianza safari za karibu akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili, akifanya biashara ya sandarusi. Alipokuwa kijana alifuatana na babake, Muhammad bin Juma, aliyekuwa na makazi Tabora, hata wakafika Ujiji. Hapo babake akataka kurudi, naye mwanawe aendelee mbele. Lakini mali akataka kuikabidhi kwa mtu mwingine aliyemzidi umri. Kijana akaona hiyo ni fedheha, akakataa kwenda kwa sharti hilo. Mwisho babake akamwachia mali mkononi mwake.

Isidhaniwe kwamba hapa anasifiwa kwa kila alilolifanya baadaye, kwani njia zile zile zilizopitisha pembe na nguo zilipitisha na watu shingoni mwao mna kongwa, na miongoni mwao watoto. Katika miaka ya 1880 mapadri wa White Fathers walikaa Kipalapala na watoto waliokombolewa utumwani. Watoto hao walikuwa wamefanya kazi pia, tena kazi nyingi, lakini hapana aliyewaambia kwamba jasho lao ni lao. Kwa hiyo njia ya Unyanyembe ilichukua watoto wa namna mbili kwa wakati mmoja: mmoja abeba kibuyu cha mjomba wake naye ajua kwamba mwisho wa njia ana fungu lake, na wa pili hana fungu hata katika mwili wake. Imepokewa kwa Bukhari ya kwamba Mtume (s.a.w.) alieleza kutoka kwa Mola wake watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mshitaki wao Siku ya Kiyama, na miongoni mwao ni yule aliyemwuza mtu huru akala thamani yake, na yule aliyemwajiri mtu akaitimiza kazi yake naye asimpe ujira wake. Msomaji na atazame jinsi wawili hawa walivyowekwa safu moja. Watu wa pwani wameacha la kwanza kwa muda mrefu sasa, walhamdulillahi. La pili wengine walifanya kila mwezi wa Juni, tena kwa watoto wao wenyewe, nao hawajui kwamba ni yeyote wanayemdhulumu.

Sasa na ichukuliwe khabari ya leo. Kipalapala yajulikana zaidi kwa seminari ya Wakatoliki iliyopo tangu mwaka 1925, na watu wa pwani wengi hawaijui kwa jambo jingine. Lakini Tabora na vijiji vyake vina Waislamu wengi, na watoto wa Waislamu wale ni kama watoto wote. Skuli zifungwapo katikati ya mwaka, ndicho kiangazi chenyewe, na kazi za kiangazi ni nyingi kwa mwenye macho. Kuna kufyatua tofali, kwani udongo hukauka vizuri na watu hujenga kabla ya mvua. Kuna maji ya kubeba kwa baiskeli. Kuna asali, na asali ya Tabora ni mashuhuri katika nchi nzima. Mizinga ya magome hutundikwa mitini msituni, na mvulana asiyeruhusiwa kupanda bado aweza kushika mwenge wa moshi, kukamua masega, na kuchukua chupa kwenda kuziuza mahali magari ya moshi yasimamapo. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tangu siku hizo abiria mwenye njaa amekuwa riziki ya mtoto mwenye sinia. Hata mwezi wa Desemba, ambao si kiangazi tena, haukosi chumo lake: mvua huleta uyoga, na miembe, ambayo asili yake katika nchi ile ni watu wa misafara walioipanda, hujaa maembe hata yakaoza chini.

Wanavyuoni wa fikihi wana ada ya kumwita mtu wa mifano yao Zaid. Basi na tuseme kijana huyu ni Zaid, mwenye miaka kumi na mitatu, mpambanuzi, hajabaleghe, mkaazi wa pembezoni mwa Kipalapala. Kiangazi kimoja alikanyaga udongo wa tofali majuma mawili, akauza asali ya mjomba wake kwa fungu majuma mawili mengine, akapata shilingi 60,000. Alikuwa na hesabu yake kichwani: kiasi anunue mpira wa ngozi wa kuchezea na wenzake, kiasi anunue mitetea miwili afuge, na kilichobaki kiwe nauli ya gari la moshi afuatane na mjomba wake Kigoma, ili alione Ziwa na kuuona Ujiji. Babake akazitwaa zote shilingi 60,000. Nusu yake ilinunua unga na mafuta, kwa sababu nyumbani palikuwa na dhiki kweli. Nusu ya pili alikwenda nayo kuchanga harusi ya rafiki yake, ili jina lake lisomwe mbele ya watu na kiwango chake kisionekane kidogo. Zaid alipouliza, akaambiwa kwamba Mtume amekwisha sema: mtoto na mali yake ni vya babake.

Mwaka wa pili Zaid alichuma tena. Safari hii alimwambia babake kwamba amepata 20,000, naye amepata 70,000. Zile 50,000 akazificha kwa mwenye duka, na penye mlango wa duka lile palikuwa na mashine ya kutia sarafu, ambayo humlipa mmoja ili iwale kumi. Mtoto asiyekuwa na ruhusa ya kununua mpira waziwazi alijikuta anacheza kamari kwa siri, na katika siku tano hakuwa na kitu. Hapa hapana haja ya kuuliza ni nani aliyemfundisha mtoto yule kusema uwongo.

Basi na tuitazame ile hujja ya baba. Hadithi aliyoitaja ipo, imepokewa na Ibn Majah na wengineo. Lakini jamhuri ya wanavyuoni hawakuifahamu kwamba baba amemiliki mali ya mwanawe kama amilikivyo kanzu yake. Wameifahamu kwamba mwana hana ruhusa kumwacha babake na njaa naye ana kitu, na kwamba baba mhitaji hula katika mali ya mwanawe kwa kadiri ya haja yake, wala haitwi mwizi. Na dalili yao ni nyepesi kwa kila aliyesoma mirathi. Mtu akifa akaacha baba na watoto wa kiume, Kur'ani imempa baba sudusi, yaani moja katika sita. Kama mali yote ilikuwa ya baba toka mwanzo, hii sudusi ni ya nini? Mtu harithi sehemu moja katika sita ya mali yake mwenyewe.

Wako wengine wenye kusoma kidogo ambao huingia kwa mlango mwingine. Wao husema: sisi ni Mashafii, na katika madhehebu yetu kuuza na kununua kwa asiyebaleghe hakusihi hata akiwa mpambanuzi, tofauti na Abu Hanifa na Ahmad bin Hanbal ambao hukuruhusu kwa idhini ya walii, basi mtoto hana biashara, na asiye na biashara hana mali. Maneno haya yameanza katika kweli yakaishia katika kosa. Kutosihi kwa mkataba si kukosa milki. Mtoto angali tumboni huwekewa fungu lake la urithi. Akizaliwa hupewa hiba ikawa yake. Na akiokota kuni za mwitu au uyoga wa porini, vitu ambavyo havina mwenyewe, huwa vyake kwa kuviokota. Akitumiwa katika kazi bila mapatano yaliyosihi, hustahiki ujira wa mfano, yaani kile wanacholipwa watu kwa kazi kama ile. Na Mashafii hao hao ndio wasemao kwamba mali ya mtoto ikitimia nisabu hutolewa zaka, na walii ndiye huitoa kwa niaba yake. Mali isiyokuwa yake ingetolewaje zaka kwa jina lake?

Tena Imamu Nawawi, ambaye kitabu chake cha Minhaj husomeshwa sana pwani, alikwisha lieleza jambo hili karne saba na zaidi zilizopita, kwani alifariki mwaka 676 wa Hijra. Kur'ani imeamrisha kwamba mayatima wajaribiwe hata wafikie umri wa kuoa, na wakionekana wana uongofu katika mali, wapewe mali zao. Nawawi aeleza kujaribiwa huko kunavyokuwa: mtoto wa mfanya biashara hujaribiwa katika kuuza na kununua, na mtoto wa mkulima katika kilimo. Wakati wa kumjaribu ni kabla ya kubaleghe, si baada yake. Na kwa kuwa mkataba wake hausihi, yeye huachwa apatane bei, na inapofika kufunga mapatano, walii wake huyafunga. Ni mpango mzuri ulioje! Mtoto anena na mnunuzi, apandisha na kushusha, ajua ladha ya kupata na ladha ya kukosa, na mzee yuko hatua mbili nyuma yake. Lakini ni nani awezaye kujaribiwa katika mali ambayo hunyang'anywa kila jioni? Muhammad bin Juma kule Ujiji alikuwa karibu kulikosa hilo, akarejea.

Haya yote hayamfanyi baba kuwa mgeni katika fedha ya mwanawe. Fikihi imempa walii ruhusa ya kumtia mtoto katika kazi imfaayo, na kumlisha na kumvisha katika chumo lile. Mzee wa Kipalapala aliyenunua unga kwa shilingi 30,000 za Zaid hakutenda dhambi, naye alikuwa na dhiki. Ila adabu ilimpasa amwambie mtoto, kwani mtoto aliyelisha nyumba ana haki ya kujua kwamba ameilisha, na kujua huko kungemtia heri moyoni kuliko mpira. Mwenye makosa ni ile nusu ya pili. Harusi ya rafiki si nafaka ya nyumba. Kununua sifa zake mtu kwa jasho la asiyeweza kumshitaki ni jambo ambalo mja mwenye haya hawezi kulieleza mbele ya Mola wake.

Iko pia mipaka ya kazi yenyewe. Si kila chumo laitwa chumo kwa sababu lina fedha. Asali inayotiwa maji ya sukari na kuuzwa kwa abiria, gari la moshi likaondoka kabla hajaionja, ni khiyana, na Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika chungu ya nafaka akakuta chini yake ni majimaji, alimtoa mdanganyifu katika wafuasi wake. Mtoto huchanganya asali kwa sababu ameona mkubwa achanganya. Kadhalika kazi ya tumbaku, ambayo mkoa wa Tabora ni mashuhuri kwayo pia: sumu ya jani bichi lenye umande hupenya ngozi, ikamtia mchumaji kizunguzungu na kutapika, na mwili mdogo ndio uumiao zaidi, mbali na maneno ya wanavyuoni juu ya tumbaku yenyewe. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, na ikakataza kazi za hatari kwa kila aliye chini ya miaka 18. Mwislamu asione kwamba hiyo ni sheria ya serikali tu. Kukataza madhara ni katika misingi ya dini yake. Zaid wa miaka kumi na mitatu basi si wa kuajiriwa na mwenye tanuri la tofali, bali ni wa kumsaidia mzazi wake na mjomba wake kwa kazi nyepesi, saa chache, asikose sala wala usingizi.

Sasa swali la pili, la mchezo. Wakalio hukumu nzito hutaja khabari ya huyo huyo Imamu Nawawi, kwamba alipokuwa mtoto wa miaka kumi kule Nawa wenzake walimlazimisha kucheza nao, naye akawakimbia akilia na kusoma Kur'ani. Khabari hiyo ni ya kweli na ni tukufu. Lakini walioisimulia waliisimulia kwa sababu ilikuwa ajabu. Na lililo ajabu halifanywi kuwa kipimo cha watoto wote wa mtaa. Babake Nawawi alimweka dukani, na duka halikumshughulisha na Kur'ani. Wazee waitajao nusu ya kwanza ya khabari hii wakamkataza mtoto mpira, na waitaje na nusu ya pili wamruhusu duka!

Kipimo kiko mahali pengine. Anas bin Malik alimtumikia Mtume (s.a.w.) miaka kumi tangu utotoni, naye asimulia kwamba hakuambiwa hata mara moja neno la kuchoshwa naye. Siku moja alitumwa kazi, akatoka, akawakuta watoto wanacheza sokoni, akasimama nao. Alishtukia ameshikwa shingo kwa nyuma. Alipogeuka akamwona Mtume anacheka. Akamwuliza kwa upole kama amekwenda alikomtuma, naye Anas akajibu kwamba ndiyo sasa aenda. Mtoto huyu yuko kazini, tena kazi ya nyumba iliyo bora kuliko zote duniani, naye amechelewa kwa sababu ya mchezo, na aliyemtuma acheka. Na siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini penyewe, wala hawakutolewa. Hanzala naye alipoogopa kwamba amekuwa mnafiki, kwa sababu moyo wake hubadilika arudipo kwa mkewe na watoto wake, aliambiwa kwamba mambo ni saa na saa.

Kwa hiyo mchezo una haki yake, ila si kila kiitwacho mchezo ni mchezo. Mpira wa watoto uwanjani, kuogelea penye maji salama, kurusha tiara, kukimbizana kwa baiskeli, safari ya gari la moshi kuliona Ziwa: hivi huuchosha mwili na kuufungua moyo, wala hamna ndani yake mtu aliyekula mali ya mwenziwe. Mashine ya mlangoni kwa mwenye duka, na kubashiri matokeo ya mpira wa watu wa mbali kwa fedha, ni maisiri, na jina la mchezo limevikwa juu yake kama kanzu ya kuazima. Hapo ndipo baba angekuwa na kazi ya kweli. Aliyemnyima Zaid mpira wa ngozi hakumzuia kucheza. Alimchagulia mchezo mbaya zaidi bila kujua.

Na yule mvulana wa msafara aliyebeba kibuyu cha mjomba wake, je, aliiona bahari kwa kupoteza wakati? Alipata nguo, akapata na bahari. Hakuna mzee wa Unyamwezi wa siku zile aliyefanya hesabu ya kumkata ujira kwa siku aliyosimama ufukweni Bagamoyo akashangaa mawimbi. Zaid alitaka safari ile ile kwa upande wa pili wa njia, naye alikuwa na nauli yake.

Imebaki haki moja ambayo barazani haitajwi. Shilingi 30,000 zilizokwenda harusini hazikufutika kwa sababu mtoto amenyamaza, wala kwa sababu baba amesahau. Mtoto asiyebaleghe hata akisema amesamehe, msamaha wake katika mali hausihi, maana hana ruhusa ya kutoa mali yake bure. Ni deni katika dhima ya baba. Akiwa nacho, na amrejeshee, au amwekee kwa maandishi mbele ya shahidi, kwa jina lake. Akifa kabla hajalipa, deni lile hutolewa katika alichokiacha kabla ya wasia na kabla ya urithi, Zaid alipwe kwanza kama mdai yeyote, kisha ndipo aketi pamoja na ndugu zake kugawiwa fungu lake.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.